Wimbo Uliokwama Ndani ya Kompyuta ya Awuor

Jina Awuor hupewa msichana aliyezaliwa usiku wa manane, na huyu wetu, ukiniuliza mimi, hajaamka vizuri tangu siku hiyo. Hutembea kama mtu aliyebeba maji kichwani hata wakati hana mtungi. Ukimwita kutoka jikoni, jibu hufika wakati umeshasahau ulichotaka. Mboga yake ina chumvi mara mbili au haina kabisa. Lakini umkute asubuhi ameketi mlangoni pake, ziwa bado limejifunika ukungu, naye aanze kukusimulia ndoto aliyoota, utaacha sufuria iungue. Mimi nimeunguza nyingi.

Tumeolewa na ndugu wawili hapa Dunga, na kwa Wajaluo hilo linatufanya nyieka, yaani wake wa boma moja. Mlango wake unatazama wangu. Mimi nina cherehani, yeye ana kwaya ya kanisa. Nilikuwa nikimwambia kwaya haipikwi ikaiva, na yeye anatabasamu kama nimemsifu.

Nyimbo zake humjia usingizini. Ukisema anatunga, atakataa. Anasema anazikuta zimeshaimbwa, kama mtu anayekuta nguo imeanikwa uani na hajui ni ya nani. Kwao Katito, ndoto ni mgeni, na mgeni huwezi kumsimamisha mlangoni huku wewe unapiga soga na majirani. Kwa hivyo akiamka na wimbo, hasalimii mtu mpaka auweke mahali. Zamani, kabla hajapata mahali pa kuuweka, alikuwa akitoka kwake ameziba mdomo kwa kiganja, anakwenda hivyo hivyo polepole mpaka kwa mwanakwaya wa kwanza, amwimbie sikioni. Wageni walidhani anaumwa jino.

Halafu ikaja kompyuta. Ofisi moja mjini ilikuwa ikitoa vitu vyake vya zamani, na Nicodemus, mume wa Awuor, akaileta kwa mkokoteni imefunikwa gunia: skrini yenye kisogo kikubwa kama jiwe la kusagia, kibodi iliyofutika herufi, na lile sanduku la chini lenye rangi ya meno ya mvuta sigara. Byron, kijana wa Maseno aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwetu, aliiwekea programu ya muziki kabla hajaenda zake. Awuor hasomi nota. Anachofanya ni kuweka nukta juu ya mistari, anasikiliza, anaisogeza juu kidogo, chini kidogo, mpaka mashine iimbe kile alichosikia usingizini. Ukiziangalia kwa mbali zile nukta ni kama ndege waliotua kwa nyaya za stima. Mara nyingi nimesimama nyuma yake na nguo ya mteja mkononi, nimesahau ninakoipeleka, nikiangalia ndege wakitua mmoja mmoja, na jua changa likiingia kwa dirisha na kuijaza nyumba yote rangi ya chai.

Sasa, kitu cha maana katika nyumba zetu hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji una chake. Kompyuta ilikuwa kitu cha maana kuliko vyote, kwa hivyo Awuor aliifumia nguo kamili ya kuroshia, nyeupe na buluu, maua makubwa mgongoni, lesi ikining'inia mpaka sakafuni, na ndani yake bitana ya plastiki. Plastiki ilikuwa kwa ajili ya sam. Sam ni vidudu vya ziwani. Kuna siku vinainuka kutoka majini vingi mpaka ungesema ziwa linaungua. Nguzo za moshi mweusi zinasimama juu ya maji, zinapinda, zinaelea kama hazijaamua pa kwenda, halafu upepo unazileta kwetu na kila kitu kinatoa sauti ya mchele ukipepetwa. Vinapenda mwanga. Vinaingia kwa chai, kwa macho, kwa masikio ya mtoto. Awuor hakutaka viingie kwa kompyuta, kwa hivyo hata akiwa kazini hakuivua ile nguo. Aliinua tu upande wa mbele kama pazia na kuiacha imevaa vizuri mgongoni. Wanawake walikuja kuitazama. Mimi mwenyewe nilimwomba mtindo wa yale maua.

Mama yake Awuor alikuwa amekufa mvua kadhaa zilizopita, na kaburi lake lilikuwa bado udongo mtupu. Mwaka huu ndugu wakakubaliana kulijengea simenti na kusimamisha msalaba, Jumamosi moja, huko Katito, na Awuor kama binti wa kwanza aje na kwaya yake. Yeye hakuwa na wasiwasi wa simenti. Wasiwasi wake ulikuwa kwamba tangu mazishi mama huyo hakuwahi kumtokea ndotoni hata mara moja. Walimtokea wengine, wajomba, hata mwalimu wake wa darasa la pili, mama hapana. Kwao hilo ni jambo. Marehemu asiyekuja, ama ana hasira, ama hakusindikizwa vizuri. Awuor alikuwa akilala mapema makusudi, kama mtu anayewahi foleni.

Juma lile la mwisho, mama akaja. Awuor alinisimulia baadaye. Alimwona amekaa juu ya kisiwa cha magugu maji, vile visiwa vinavyong'oka na kusafiri vyenyewe, kimebeba na ndege wake weupe. Kisiwa kilikuwa kikipita mbele ya Dunga polepole, maji yametulia kama mafuta ya kupaka, na mama anaimba, haangalii kando. Alikuwa kijana kuliko Awuor. Kadiri kisiwa kilivyokwenda, sauti ilibaki nyembamba, ikawa uzi, na ule mwisho kabisa wa wimbo ulimfikia Awuor wakati mama ameshakuwa doa jeupe tu, huenda ni yeye, huenda ni ndege.

Asubuhi hiyo nilipita na beseni, nikamsalimia. Hakujibu. Alikuwa ameketi mbele ya mashine na uso haujaoshwa, kiganja kimoja mdomoni, kingine kinaweka ndege kwa nyaya. Nikaenda zangu kuanika. Nilikuwa nimefika kwa shuka ya pili niliposikia mlio mdogo, kama mtu anayefunga kopo, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka kwa dirisha lake.

Nilipoingia, skrini ilikuwa nyeusi. Redio yangu ng'ambo ilikuwa ikiendelea kusema habari, kwa hivyo stima ilikuwepo. Awuor alikuwa bado ameweka kidole pale pale. Kisha akakosea. Akaondoa kiganja mdomoni akasema, "Nyieka, imenyamaza."

Na kweli, pale pale alipoongea, wimbo ukaanza kumtoka. Kufikia chai ya saa nne alikuwa amebakiwa na mstari wa mwanzo peke yake. Anauimba, anafika mahali, anasimama kama mtu aliyekuta daraja limebebwa na mto.

Ndipo nikaelewa ni nini kilichokuwa ndani ya lile sanduku. Mama alikuwa amekuja mara moja, ameleta kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimefungiwa humo. Jumamosi ilikuwa inakuja.

Nicodemus aliipiga mashine kofi mgongoni, kama wanaume wanavyopiga redio, akasema imelala tu, akaenda kwa mashua yake. Mimi nilianza na yale ambayo mtu mwenye pasi ya stima anayajua. Nikachomeka pasi yangu kwa soketi ile ile, ikapata moto, kwa hivyo ukuta haukuwa na hatia. Nikaleta kebo ya birika langu, maana mdomo wake unafanana na wa kompyuta, nikaichomeka nyuma, chini ya lesi. Awuor akabonyeza. Ndani feni ikageuka kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno, halafu ikaacha. Tukabonyeza tena, hata hiyo kidogo haikuja. Basi kebo nayo haikuwa na hatia. Ugonjwa ulikuwa ndani, na ndani mimi siingii.

Tukamwita Hemedi. Hemedi ni fundi wa redio na kompyuta, ana kibanda upande wa Kibuye na nyumba Kaloleni. Babu yake alifika na reli kutoka pwani, na kwa sababu hiyo Hemedi anajiona ndiye mwenye Kiswahili hapa Kisumu. Anatuambia sisi Wajaluo tunakiparua Kiswahili kama ngege, magamba yote chini. Mimi nikamjibu samaki haliwi na magamba yake. Alifika kwa boda na mfuko wa vyombo, akaomba chai kabla ya kuuliza mgonjwa yuko wapi.

Akaivua mashine ile nguo, akaikunja vizuri na kuiweka kwa kiti, mtu mwenye adabu. Akafungua ubavu wa sanduku kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akabonyezabonyeza waya hizi na zile kama daktari anayepapasa tumbo, akauliza maswali ambayo hakungoja yajibiwe. Kisha akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka. Skrini ikapata mwanga, ile picha ya anga na majani ikatokea, na Awuor akashika ukingo wa meza.

"Waya ulilegea," Hemedi akasema. "Zinaniogopa hizi mashine. Nikiingia tu mlangoni zinakaa sawa."

Akaizima kwa utaratibu, akarudisha ubavu, akamaliza mandazi yetu yote, akaondoka.

Nilimwambia Awuor aiwashe saa hiyo hiyo auchukue wimbo wake. Yeye akasema hapana. Wimbo wa mama hausikilizwi na mtu ambaye hajaoga, na tena anataka kwaya iwepo, wausikie pamoja mara ya kwanza. Nikamwuliza kama mama aliyekufa anajali sabuni. Akatabasamu lile tabasamu. Akaoga, akafagia, akaivisha mashine nguo yake, akailaza lesi kwa viganja, akatandika mikeka.

Kwaya ikaja jioni mapema, wamekaa mpaka nje. Ziwa lilikuwa na rangi ya kifua cha njiwa. Mbali kule kwenye maji nguzo moja ya sam ilikuwa imesimama peke yake, haiendi mahali, kama mtu aliyesahau alichofuata. Awuor akainua pazia la mbele, akabonyeza. Ikawaka. Mashine ile ni nzito kuamka, inachukua muda kama mwenyewe, na watu wakangoja kimya. Picha ya anga. Programu. Jina la wimbo, alikuwa ameuita Mama tu. Akaweka kidole.

Mlio wa kopo. Nywele zilizoungua. Giza.

Mtu wa sauti ya chini alianza kukunja mkeka. Awuor aliendelea kukaa na mkono wake juu ya lesi, na nikaona kwamba anaipapasa, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa, na machozi yanashuka bila yeye kuyashughulikia.

Kesho yake Hemedi alirudi bila mzaha mwingi. Safari hii kitufe hakikufanya lolote, hata kule kugeuka kidogo. Akasema njia rahisi ni kuchomoa ile diski ya ndani, mahali mambo yote yanapowekwa, aende nayo mjini kuifungulia kwa mashine nyingine. Awuor akakataa. Programu ya Byron ilikuwa humu tu, na zaidi ya hayo hakutaka. "Mtu ana homa, wewe unataka kumtoa moyo uende nao kwa boda," alimwambia, na hilo ndilo neno kali zaidi nimewahi kulisikia kinywani mwake. Hemedi akajikuna kidevu, akaitisha chai.

Basi akaanza upya, na safari hii alitafuta. Ndani ya lile sanduku kuna kisanduku kingine cha bati, wenyewe wanakiita pawa saplai. Ndicho kinachopokea stima ya ukutani, kali, na kuigawa kidogo kidogo kwa sehemu nyingine, kama mama anayegawa nyama. Hemedi akakitoa nje na mkia wake wote wa waya za rangi rangi. Akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, akachomeka ukutani. Feni yake ikazunguka vizuri.

"Anapumua," akasema. Basi kama huyu ni mzima, ugonjwa uko kwa ubao mkubwa unaobeba vyote, na huo hautibiki, mashine izikwe. Alisema hivyo akiangalia pembeni, kwa sababu Awuor alikuwa anamtazama.

Lakini kitu hakikumkalia sawa. Ile feni aliisikiliza muda mrefu, kichwa kimeinama. Akatoka nje, akaomba taa ndogo ya pikipiki kwa jirani, akaifunga kwa waya wa njano na mweusi. Taa ikawaka. Tukaitazama wote watatu. Ikawa ya njano, ikawa ya rangi ya machungwa, ikafifia polepole kama jua linaloingia nyuma ya Usoma, na feni nayo ikaanza kuzunguka kwa uvivu, mpaka vyote viwili vikanyamaza pamoja.

"Huyu ndiye," Hemedi akasema. "Akiwa peke yake anacheza. Ukimpa mzigo, anaketi."

Nikamwambia wanaume wa namna hiyo nawajua kadhaa. Hata Awuor alicheka.

Akaichomoa ukutani, akatufukuza kando, akasema humo ndani stima hujificha hata baada ya kuchomoa na inaweza kukurusha ukutani. Akakiacha kitulie wakati yeye anakunywa chai. Kisha akakifungua, na ndani hamkuonekana chuma. Kulikuwa na blanketi. Blanketi ya kijivu, nene, imeshikana kama manyoya ya paka. Akaivuta kwa koleo ikatoka nzima nzima: sam wakavu, maelfu, wamefumwa pamoja na nyuzi za pamba, nyeupe na buluu. Chini yake zile kapasita, vikopo vidogo vinavyotuliza stima, vilikuwa vimevimba vichwa, kimoja kimepasuka na kutoa maji ya kahawia.

"Mbona alikuwa anachemka hivi?" Hemedi akajiuliza. Akageuza bati, akatazama matundu ya nyuma, yale ambayo feni inatolea joto. Akatazama mashine. Akatazama kiti. Akainyanyua ile nguo ya kuroshia na kuielekeza dirishani, na mwanga ukapita katikati ya maua. Mgongoni, katikati ya ua kubwa kuliko yote, kulikuwa na duara la kahawia, kubwa kama sahani. Plastiki ya ndani ilikuwa imejikunja.

"Mama Debra, hili duara ni nini?" akamwuliza Awuor, kwa jina la mtoto wake.

Awuor akasema alidhani ni chai.

Hemedi akakirudisha kisanduku mahali pake, akaishikilia ile nguo nyuma ya mashine, ilivyokuwa ikikaa siku zote, na duara likakaa juu ya matundu sawasawa, kama kiganja juu ya mdomo. Hakuhitaji kusema. Ile jana alipopona, alipona kwa sababu alivuliwa. Jioni akavishwa tena, akafa tena.

"Nilimfunika asiingiwe na sam," Awuor akasema.

"Walipita chini ya lesi, wakafuata joto. Ukamfunga nao ndani."

Niliona Hemedi anataka kuendelea, labda aseme ile dhihaka yake ya magamba, nikamtazama akanyamaza. Huyu mwanamke alikuwa amekaa mvua nzima akifuma ile nguo ua kwa ua. Hakuna nyumba Dunga ambayo isingefanya vile vile. Aliichukua kutoka mikononi mwa fundi, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa kitu kidogo sana, akaketi nayo mapajani.

Hemedi alitafuta pawa saplai nyingine kwa kila rundo la vyuma analolijua. Iliyo mpya haikukubali, midomo ya siku hizi ni mipana, hii yetu ni ya kizamani. Mwishowe aliipata Nyamasaria kwa mtu anayenunua mashine zilizokufa. Aliileta Ijumaa, akaijaribu kwanza kwa ile taa ya pikipiki. Tukakaa tunaiangalia taa, na ndani ya ile taa ndogo ungeona kila mmoja wetu anasubiri ififie. Haikufifia. Akaifunga ndani, akaacha ubavu wazi, akaiweka mashine mbali na ukuta, uchi kabisa. Ilionekana ndogo. Ilionekana kama mzee aliyetoka kuoga.

Picha ya anga. Programu. Mama.

Wimbo ukatoka. Sauti ya mashine ile ni ya bati, kila mtu anajua, lakini nilipousikia niliweka mkasi chini. Ulikuwa unakwenda kama mtu anayetembea kwenye maji ya magotini, mguu unainuka, unasubiri, unashuka. Awuor alikuwa amefumba macho na midomo yake inafuata. Mstari wa kwanza, wa pili, ukapinda, ukarudi, ukaanza kupanda kwenda mahali, na hapo ukakatika.

Akafungua macho. Kuanzia hapo nyaya zilikuwa tupu. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Uliuhifadhi?" Hemedi akauliza kwa upole.

"Nilikuwa nimeshauweka. Iliusikia."

"Iliusikia, mama. Lakini hukuiambia ikumbuke."

Beti alizokuwa amezihifadhi zilikuwepo. Ule mwisho, ule uzi uliokuja kutoka mbali, ulikuwa ndio anauweka wakati mlio wa kopo uliposikika, na ulikufa na ile stima. Alijaribu. Alilala mchana ule makusudi, juu ya mkeka, mbele ya mashine, na mimi nikawafukuza watoto wasipige kelele. Aliamka bila kitu. Hemedi alipendekeza mwisho mmoja, akauimba, ukawa kama wimbo wa harusi ya Kiislamu. Mimi nikasema tumalizie kwa Amina, tulale. Awuor akatikisa kichwa.

"Siwezi kumtilia mama maneno mdomoni. Tutaimba alipofika. Tukifika hapo tutanyamaza."

Nikamwambia watu wa Katito watadhani kwaya imesahau. Akasema basi wadhani.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Jumamosi ile Katito ilikuwa na jua la mawingu, lile ambalo halina upande, vivuli hakuna, na mtu anaonekana kama anaelea kidogo juu ya ardhi. Simenti ya kaburi ilikuwa bado na giza la unyevu. Mchungaji akaomba, msalaba ukasimamishwa, wajukuu wakamwagiwa hotuba. Kisha Awuor akasimama mbele ya kwaya, akainua mikono polepole, na wakaanza.

Bila ile sauti ya bati wimbo ulikuwa kitu kingine. Ng'ombe kando ya ua waliacha kutafuna. Ulikwenda, ukapinda, ukarudi, ukaanza kupanda, na pale pale, walivyofundishwa, watu wote wakanyamaza. Mikono ya Awuor ikabaki hewani. Kimya kikaja kikubwa, nikaona wageni wanatazamana, na moyoni nikasema haya, aibu hiyo imefika.

Kutoka nyuma, kwenye viti vya wazee, sauti moja kavu ikauchukua wimbo na kwenda nao. Haikuuliza ruhusa. Ilipita pale tuliposimama kama mtu anayepita kwenye shamba lake, ikashuka, ikashuka tena, ikakaa.

Alikuwa Rachael, mke mwenza wa marehemu, mwanamke ambaye sasa anatembea na fimbo na anasikia anachotaka. Watu wakageuka. Yeye akashangaa kwa nini wanageuka.

"Huo si ni wimbo wetu wa saga," akasema. Saga ni ile kazi ya kusaidiana, wanawake wanakusanyika wanalima shamba la mmoja leo, la mwingine kesho. "Nani aliwafundisha nyinyi watu wa Dunga?"

Awuor alishusha mikono. Akaenda mpaka kwa kile kiti, akapiga magoti kwenye nyasi.

"Mama, mwisho wake hausheki hivyo... haushuki hivyo," akasema, ulimi umemteleza. "Unapanda juu. Nilimsikia. Unakwenda mbali, unapanda."

"Unapanda wapi? Mimi ndiye niliyelima naye. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala."

"Nilikuwa nimelala?"

"Kwani alikuwa anauimbia nani? Ulikuwa mtoto wa kelele wewe. Kila mstari wa jembe, wimbo. Ukinyamaza, anashusha hapo mwisho, hivi, taratibu, asikuamshe. Halafu sisi wote tunalima kimya."

Awuor aliweka paji la uso kwenye magoti ya yule mama, na mabega yake yakatulia namna ambayo mimi, katika miaka yote ya kutazamana milango, sijapata kuyaona yametulia. Mchungaji alikohoa, ana ratiba. Nikamtazama.

"Imba tena, Mama," Awuor akasema kutoka pale chini. "Ule mwisho tu."

Rachael akalalamika koo lake halina kitu, hajapewa hata maji tangu afike. Kisha akauimba. Kwaya ikataka kuingia, nikawanyooshea kiganja wangoje.